Mdomo kwanza, GB baadaye: maswali tunayoulizwa kuhusu kubadilisha diski ya laptopu

Haipiti wiki bila mtu kuingia dukani na diski mpya mkononi, bado imo kwenye mfuko wake, isiyokaa kwenye laptopu yake. Aliyetoka Kikwajuni, hapa hapa mjini Unguja, anacheka, anarudi kwa aliyemuuzia. Aliyetoka Wete, kule Pemba, hacheki. Ameteremka Mkoani, akapanda boti hadi bandari ya Malindi hapa Unguja, na kubadilisha kitu kidogo kama kiganja kunamgharimu siku mbili na nauli inayokaribia thamani ya diski yenyewe. Majibu haya nimeyaandika nikimfikiria yeye.

Humu ndani nikisema "mdomo", nakusudia pale diski inapoungana na kompyuta. Ndivyo tunavyosema mezani kwetu, na nitaendelea hivyo hivyo: mdomo, meno, pengo.

Nataka diski ya GB 500 ya laptopu. Si inatosha nikikwambia hivyo?

Haitoshi. GB ni ukubwa wa tumbo, na mimi kwanza nataka kuujua mdomo. Diski mbili za GB 500 zinaweza kulingana kwa kila kitu, moja ikaingia kwenye mashine yako kama kisu kwenye ala na nyingine isiguse kabisa. Baada ya mdomo nitauliza umbo, kisha unene. GB tutazizungumza mwisho, pamoja na bei.

Midomo ipo mingapi?

Kwa laptopu zinazozunguka hapa visiwani, nyingi zikiwa za mtumba, utakutana na IDE kwenye mashine za zamani sana, SATA kwenye nyingi za kati, mSATA kwenye chache, na M.2 kwenye za karibuni. Apple ana midomo yake mwenyewe. Halafu zipo laptopu za bei nafuu ambazo diski yake haina mdomo kabisa, nazo zina swali lao huko chini.

IDE na SATA nitazitofautisha vipi kwa macho?

Hizi ndizo rahisi kuliko zote, ukishaitoa diski na kuishika. Zote mbili ni za inchi 2.5, zina upana wa karibu milimita 70 na urefu wa milimita 100. Geuza uuone ubavu mfupi wenye mdomo.

IDE ina meno yaliyosimama kama sindano, safu mbili, marefu kiasi cha kukuchoma kidole. Kwa hesabu ya kitabu ni 44. Ukihesabu mwenyewe kwa ncha ya kijiti cha meno utapata 43, na usishtuke: nafasi ya 20 imeachwa tupu tangu kiwandani ili plagi isiingie kichwa chini. Nimewahi kuletewa diski nzima kabisa na mtu aliyeamini kuwa jino lake moja limeng'oka. Pembeni, baada ya mwanya mdogo, yapo meno mengine manne. Hayo ni ya kupanga diski ipi ni kuu na ipi ni ya pili, si ya kuchomeka plagi.

SATA haina sindano. Ina ndimi mbili bapa za plastiki nyeusi, moja fupi na moja ndefu, na juu yake kuna vipande vya rangi ya dhahabu vilivyolala. Ule mfupi una vipande 7 vya kupitishia data, ule mrefu una 15 vya umeme. Kila ulimi umepinda mwishoni kama herufi L. Ukiiona hiyo L, maliza, ni SATA.

Upo mtego mmoja. Baadhi ya watengenezaji walivisha mdomo wa diski kofia, yaani kipande cha plastiki chenye mdomo wa aina nyingine kwa nje, ili diski iteleze na kuingia kwenye laptopu bila waya. Ukiitazama kofia unaona kitu kisichofanana na IDE wala SATA, ukadhani umegundua aina mpya. Ivute taratibu, upande huu kidogo na ule kidogo, itatoka. Mdomo wenyewe uko chini yake.

Kwa umri: SATA ilitoka 2003, lakini laptopu zilichelewa kuihamia. ThinkPad T42 ni IDE, T60 ni SATA. Dell Latitude D610 ni IDE, D620 ni SATA. Laptopu iliyotengenezwa baada ya 2008 kuwa ya IDE ni nadra sana.

(Mimi kuhesabu meno nilijifunza wakati ule umeme ulipokatika miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja nzima tukiwa na majenereta. Mchana nilipokea mashine, usiku nilizifungua kwa tochi. Vidole vilijua kabla ya macho.)

Windows yangu yenyewe imeandika "IDE". Kwa hiyo ni IDE, au sivyo?

Sivyo. Swali hili ndilo lililoniketisha kuandika.

Mwalimu mmoja wa skuli ya sekondari huko Wete alikuja na mkoba wa laptopu begani na diski ndani ya bahasha ya kaki. Ilikuwa ya IDE, imetumika, ameagiza Dar es Salaam kwa mtu anayemwamini.

"Fundi, hii imekataa."

"Imekataa vipi, mwalimu?"

"Haifiki. Na mimi sikubahatisha. Niliingia Device Manager, nikaona kwa macho yangu, IDE."

Nikaifungua mashine. Ndani mlikuwa na diski ya SATA, ndimi zake mbili zinang'aa kama mpya. Nikamwomba aniwashie, anioneshe alipoona. Akanionesha kweli: mstari umeandikwa "IDE ATA/ATAPI controllers". Mwalimu hakusoma vibaya. Windows hulitumia jina hilo la zamani kama kichwa cha fungu zima, na ukilifungua fungu, chini yake unakuta "SATA AHCI Controller". Kichwa kimebaki, mwenye nyumba kahama.

Amri ya zamani ya wmic ina ugonjwa huo huo: diski ya SATA huiita IDE, na NVMe, aina ya diski za karibuni zenye kasi, huiita SCSI, jina jingine la zamani. Usinunue kitu kwa kuitegemea.

Basi nitajuaje bila kuifungua mashine?

Kama mashine inawaka, ipo njia ya kuaminika zaidi. Bonyeza kitufe cha kulia juu ya alama ya Start, chagua PowerShell au Terminal, andika hivi:

Get-PhysicalDisk | Select FriendlyName, MediaType, BusType, Size

Tazama safu ya BusType. Ikiandika SATA, ni SATA. Ikiandika NVMe, ni NVMe. Ikiandika SD au MMC, ruka hadi swali la diski isiyo na mdomo. Ikiandika RAID, bado hujapata jibu: mpangilio wa BIOS, ile programu ya msingi inayoamsha mashine, umeificha diski nyuma ya pazia, na itabidi utumie namba ya modeli.

Namba hiyo ndiyo safu ya FriendlyName. Inakili herufi kwa herufi, itafute kwenye intaneti, na karatasi ya mtengenezaji itakupa mdomo, umbo na unene kwa pamoja. Kwangu hii ndiyo njia bora kuliko zote, kwa sababu haitegemei Windows imeamua kuita nini nini.

Anayetumia Linux aandike lsblk -d -o NAME,MODEL,TRAN,ROTA. Jina likianza na nvme, limejieleza. Likianza na mmcblk, mara nyingi ni diski iliyogandishwa kwenye madabodi, yaani bodi kuu ya mashine. ROTA ikiwa 1 ni diski inayozunguka, ikiwa 0 ni SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani.

Kumbuka tu kwamba haya yote yanakueleza diski iliyomo. Hayasemi kama kuna nafasi ya pili tupu pembeni yake. Laptopu nyingi za ofisi zina nafasi ya inchi 2.5 na nafasi ya M.2 kwa pamoja, na wenyewe hawajui.

Haiwaki. Diski imekufa, naona kioo cheusi chenye maandishi tu.

Maandishi yakitokea, mashine haijafa. Zima, washa, na hapo hapo ubonyeze kwa kurudia kitufe cha kuingilia BIOS: F2 kwa Dell, Acer na Asus, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Mara nyingine diski iliyougua bado inatajwa mle kwa jina.

Isipotajwa, tumia namba ya mashine yenyewe. Geuza laptopu, soma lebo ya chini. Dell wana alama ya herufi na namba saba, Service Tag. Ukiiingiza kwenye tovuti yao unapata orodha ya vilivyomo siku ilipotoka kiwandani. HP na Lenovo nao wana vitabu vya matengenezo vya bure, vina picha za kila skrubu. Ila za mtumba zimeshapita mikononi mwa watu. Kilichotoka kiwandani na kilichomo leo si lazima viwe ndugu, lakini mdomo ulioko kwenye madabodi haukubadilika.

Laptopu yangu ni ya zamani. SSD za sasa zimeandikwa SATA III. Zitakubali?

Zitakubali. SATA ya kwanza, ya pili na ya tatu zina mdomo mmoja. Zinapishana kwa mwendo tu, gigabiti 1.5, 3 na 6 kwa sekunde. SSD mpya kwenye laptopu ya 2009 itakwenda kwa mwendo wa laptopu, na bado utaona umebadilishiwa mashine. Diski inayozunguka na SSD ya inchi 2.5 pia zina mdomo mmoja, kwa hiyo hapo huna hofu.

Unene una shida gani? Si zote ni za inchi 2.5?

Upana na urefu ni sawa. Unene ndio unaotofautiana: diski nyingi zinazozunguka ni milimita 9.5 au 7, SSD karibu zote ni 7. Nyembamba ndani ya nafasi nene inakaa, ukiweka fremu ya plastiki isichezecheze. Nene ndani ya nafasi nyembamba haikai, hata uombe dua. ThinkPad X220 na X230, ambazo hapa mjini zimejaa, zinataka milimita 7. Na diski zinazozunguka za inchi 2.5 zenye TB 3 na kuendelea ni nene milimita 15. Hizo si za ndani ya laptopu.

Yangu ni kile kijiti kidogo kama ubani wa kutafuna. Zote si sawa?

Laiti zingekuwa sawa. Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea sasa, kuliko kwenye IDE.

Kijiti hicho ni M.2. M.2 ni jina la umbo, si jina la lugha. Ndani ya umbo hilo hilo kuna vijiti vinavyozungumza SATA na vijiti vinavyozungumza NVMe, na laptopu nyingine inajua lugha moja tu. Unaweza kukichomeka kikaingia, ukakaza skrubu, ukawasha, na BIOS isione kitu chochote.

Yamenikuta mimi, fundi mzima. Nilikwenda Kariakoo ya Dar kufuata mzigo, nikamchukulia jirani yangu kijiti cha NVMe kwa sababu urefu ulikuwa sawa na wa zamani na muuzaji alisema "hii inakaa zote". Nilirudi na boti ya jioni nimeridhika. Kilikaa, kweli. Hakikuonekana. Laptopu ilikuwa inajua SATA peke yake, na mimi sikusoma lebo ya kile cha zamani ambacho nilikuwa nacho mfukoni safari nzima. Gharama niliibeba mwenyewe.

Kwa hiyo soma lebo ya kijiti cha zamani. Ikiwa na neno NVMe au PCIe, nunua NVMe. Ikiwa na SATA au "6Gb/s", nunua M.2 ya SATA. Lebo ikiwa imefutika, tazama pengo kwenye safu ya meno. Vijiti vya SATA kwa kawaida vina mapengo mawili, moja kila upande. Vya NVMe kwa kawaida vina pengo moja. Nasema kwa kawaida, maana zipo NVMe chache zenye mapengo mawili, na ndiyo maana pengo ni ushahidi wa pili, si wa kwanza.

Halafu urefu. Namba kama 2280 inasomeka hivi: upana milimita 22, urefu 80. Zipo 2242 na 2230 pia. Kirefu hakiingii kwenye nafasi fupi. Kifupi kwenye nafasi ndefu kinaingia lakini tundu la skrubu halifiki, kinabaki kimeinua kichwa. Omba kipande cha kurefusha, usikibane kwa plasta.

NVMe ina faida? Ndiyo, kwa tarakimu ni kubwa: SATA III huishia karibu MB 550 kwa sekunde, NVMe za kawaida hufika maelfu. Lakini mtu anayeandika barua na kufungua WhatsApp atauona tofauti mara chache. Nunua kinachokubaliwa na mashine.

mSATA ni M.2?

Hapana. mSATA ni fupi na pana zaidi, kama sentimita 3 kwa 5, inafanana sana na kadi ya zamani ya waifai. Haiingii kwenye M.2 wala M.2 haiingii kwake. X220 ina nafasi yake, ile ya kadi ya modemu, na wengi wanaitumia kuongeza diski ya pili.

Na MacBook?

Inategemea mwaka na aina. MacBook Pro ya inchi 13 ya 2012 isiyo na kioo cha Retina inachukua SATA ya kawaida ya inchi 2.5. MacBook Air za 2010 hadi 2017 zina vijiti vyenye midomo ya Apple, na midomo yenyewe imebadilika katikati ya miaka hiyo, kwa hiyo usitaje "Air" bila mwaka. Kuanzia Air ya 2018, imegandishwa kwenye madabodi.

Nimefungua laptopu nikatafuta diski, sikuiona!

Si kwamba imeibiwa. Laptopu nyingi ndogo za bei nafuu, za GB 32 au 64, zinatumia eMMC: kidude cheusi kilichochomelewa kwenye madabodi, hakina mdomo wala skrubu. Hicho hakibadilishwi kwa bisibisi. Kabla hujakata tamaa, tazama kama pembeni kuna nafasi ya M.2 tupu, baadhi zinayo. Zisizo nayo, kubali zilivyo.

Nina diski ya nje ya USB. Naweza kuipasua nikatoa ya ndani nikaitia kwenye laptopu?

Mara nyingine ndani unakuta SATA ya kawaida. Mara nyingine unakuta mdomo wa USB umechomelewa moja kwa moja kwenye bodi ya diski, hauna SATA popote, na kasha umeshalivunja. Huwezi kujua kabla ya kupasua, na mimi sikushauri.

Laptopu yangu ni ya IDE kweli. Nifanye nini?

Diski mpya ya IDE ni shida kuipata, na za mtumba ni bahati nasibu. Kuna kasha dogo la umbo la inchi 2.5 lenye meno 44 nje na nafasi ya mSATA ndani. Linafanya kazi vizuri. Mashine nyingine za umri huo hazioni zaidi ya GB 137, kwa hiyo usinunue kubwa. Ila nikuulize kwa heshima: mashine hiyo ina kazi gani? Kama ni ya mashine ya kushonea tarizi au ya programu ya dukani isiyoweza kuhamishwa, tutengeneze. Kama ni ya intaneti, pesa hiyo weka akiba.

Nikiitoa ya zamani, nihifadhi nini?

Kila kitu. Fremu ya chuma, raba za pembeni, kofia ya mdomo, utepe wa waya, skrubu zote. Diski mpya inakuja uchi, na fremu ya modeli moja haivai nyingine. Utepe ukiuchana, utausubiri wiki. Na kabla ya kugusa lolote zima mashine, toa chaja, toa betri. Betri ikiwa ya ndani, chomoa plagi yake kwanza.

Meno ukiyaona yamefanya kijani, hiyo ni chumvi yetu. Laptopu zinazokaa karibu na pwani, hasa dirisha likiwa wazi kipindi cha kaskazi, nazipokea hivyo kila mara. Pamba kidogo na spiriti, subiri ikauke. Mara mbili tatu nimemrudishia mtu diski yake ya zamani ikiwa nzima, ilikuwa haigusi tu.

Na data toa kwanza. Kama Windows imefungwa kwa BitLocker, kufuli lake la kuficha data, tafuta ufunguo wake wa kurejesha ungali unaweza kuingia.

Niko Pemba. Nikutumie nini ili usininunulie kisichoingia?

Picha nne kwa WhatsApp, mchana, bila flashi maana inang'aza lebo. Ya kwanza lebo ya chini ya laptopu. Ya pili lebo ya diski yote, namba ya modeli isomeke. Ya tatu mdomo, kwa karibu, kamera ielekee meno moja kwa moja. Ya nne ubavu wa diski ukiwa umesimamishwa kando ya rula. Rula ikikosekana, weka sarafu ya shilingi 200 pembeni, nitakisia kwa hiyo.

Sauti usitume. Mtu mmoja wa Chake alinielezea mdomo wa diski kwa dakika sita, na mpaka leo sijui alikuwa ameshika nini.